Kuchagua Eneokazi la Kuanzia: Mwongozo kwa Vituo vya Afya Vinavyohamia Programu Huria

Utangulizi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha masahihisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kompyuta ambazo bado ni nzima, lakini hazikidhi masharti ya Windows 11, zimebaki njia panda. Kituo kinaweza kununua mpya, kuendelea na mfumo usiolindwa, au kuhamia mfumo endeshi huria wa jamii ya Linux, usiodai ada ya leseni na unaoendelea kupokea masahihisho.

Kuendelea bila ulinzi si jambo dogo. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia katika kompyuta ambazo hazikuwa zimewekewa masahihisho yaliyotolewa miezi miwili kabla. Nchini Uingereza hospitali zilivurugika na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Kuhama, basi, ni sehemu ya usalama wa mgonjwa. Hata hivyo, mtumishi anayehama hukutana mapema na swali asilolitarajia: atumie eneokazi lipi?

Eneokazi ni nini?

Katika Windows, mfumo na sura yake huja pamoja. Katika Linux, sura hiyo, yaani menyu, upau, madirisha na aikoni, ni programu inayojitegemea na inaweza kubadilishwa. Tunaweza kuifananisha na dawa moja inayotolewa kwa kidonge, kwa maji au kwa sindano: kiini ni kilekile, lakini umbo huchaguliwa kwa kutazama hali ya mgonjwa. Hali kadhalika, eneokazi huchaguliwa kwa kumtazama mtumiaji na mashine yake.

Maeneokazi manne ya kuzingatia

Cinnamon ndilo eneokazi kuu la Linux Mint. Menyu iko pembeni chini kushoto na saa iko kulia, hivyo aliyezoea Windows hapotei. Hufanya kazi vizuri kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 4 au zaidi.

Xfce, lililoanzishwa mwaka 1996, ni jepesi na tulivu, nalo hufaa mashine kongwe. Ifahamike, hata hivyo, kwamba wepesi wa eneokazi haupunguzi uzito wa kivinjari. Mtumishi anayeingiza takwimu katika DHIS2 huifungua kwa kivinjari, na kivinjari hicho huhitaji kumbukumbu yake. Kompyuta yenye GB 2 itawaka, lakini kurasa zikifunguliwa nyingi itachoka.

GNOME hutumika katika Ubuntu, Debian na Fedora. Lina mpangilio wake wa kipekee, hivyo mgeni huhitaji siku kadhaa za kulizoea. Ubora wake mkubwa ni kuwajali wenye ulemavu: maandishi hukuzwa kwa urahisi, rangi hukolezwa, na programu ya Orca humsomea kwa sauti asiyeona.

KDE Plasma hufanana na Windows na hukubali kubadilishwa karibu kila kitu. Uhuru huo una gharama katika kompyuta ya pamoja: mtumishi wa zamu ya usiku akiuhamisha upau, wa asubuhi atautafuta huku foleni ikimsubiri. Panapotumika eneokazi hili, kila mtumishi awe na akaunti na nenosiri lake.

Kigezo ambacho kliniki haiwezi kukipuuza

Uzuri wa sura usiwe kigezo cha kwanza. Kwa mhudumu, swali la msingi ni hili: je, ninaona wakati wote ni kumbukumbu za mgonjwa gani zilizo mbele yangu? Faili mbili zikiwa wazi kwa pamoja, ni rahisi kuandika dozi ya Mwanaidi katika faili la Mwanahawa. Xfce na Cinnamon huweza kuwekwa ili majina ya madirisha yaliyofunguliwa yaonekane kwenye upau muda wote, ilhali GNOME lisiloongezewa kitu huyaficha mpaka mtumiaji aite mwonekano wa jumla. Vichupo vya ndani ya kivinjari havionekani kwenye upau wowote; ni salama zaidi kumfunga mgonjwa mmoja kabla ya kumfungua mwingine.

Kigezo hicho kina upande wa pili. Jina linaloonekana kwa mhudumu huonekana pia kwa mgonjwa anayefuata. Skrini igeuzwe isielekee foleni, orodha ya faili za karibuni izimwe, na kompyuta ijifunge yenyewe baada ya dakika chache. Nawe mgonjwa, ukiona jina la mtu mwingine kwenye skrini, una haki ya kumwambia mhudumu.

Jaribu kabla ya kusakinisha

Mikusanyo mingi ya Linux huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya kompyuta. Itakwenda polepole kuliko ikiwa imesakinishwa, lakini inatosha kwa majaribio. Hakikisha kwanza kwamba printa, intaneti na mifumo ya kituo inafanya kazi. Kisha mpe mtumishi asiye mtaalamu wa kompyuta kazi tano bila kumsaidia:

1. Kufungua kivinjari na kuingia katika mfumo wa kituo.
2. Kuandika barua na kuihifadhi.
3. Kuitafuta tena barua hiyo.
4. Kuichapisha.
5. Kufunga skrini anapoondoka.

Pale anapokwama ndipo penye jibu lako. Eneokazi linalomwezesha kumaliza kazi zote tano bila kuuliza ndilo linalofaa kituo hicho, hata kama fundi analipenda jingine.

Mambo mawili ya tahadhari. Kwanza, usakinishaji huweza kufuta kila kilichomo kwenye diski. Nakala za kumbukumbu zihifadhiwe kwanza mahali pengine na zikaguliwe kama zinafunguka. Pili, kompyuta inayoendesha kifaa tiba, kama mashine ya maabara au ya picha, isibadilishwe mfumo bila mtengenezaji wa kifaa hicho kushirikishwa, kwa kuwa ni sehemu ya kifaa chenyewe.

Hitimisho

Kwa kituo kinachoanza, Cinnamon ni chaguo la kwanza panapokuwa na kumbukumbu ya kutosha, Xfce hufaa mashine dhaifu, na GNOME lipewe nafasi pale ambapo mtumishi ana uoni hafifu. Likishachaguliwa, eneokazi hilo moja liwekwe katika vyumba vyote. Mhudumu anayehamishwa kutoka mapokezi kwenda chumba cha dawa akute kila kitu mahali alipokizoea, ili macho yake yabaki kwa mgonjwa.