Maua ya Harusi Yasiwe Mzigo



Hapa Zombe, na kwingineko Ukambani, wako mume na mke waliokaa pamoja miaka kumi, hata ishirini. Mbuzi za ntheo zilipelekwa, watoto wamebatizwa, lakini wenyewe hawajafunga ndoa kanisani. Wenzao wakienda kukomunika, wao hubaki wameketi. Ukiwauliza sababu, wengi hujibu: "Tunangoja tupate pesa za harusi."

Pesa hizo ni za nini hasa? Sakramenti ya Ndoa haidai hema wala maua ya kununua. Inataka mume na mke walio huru kuoana, ridhaa yao, mhudumu wa Kanisa na mashahidi wawili. Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia (2016), alisikitika kwamba wengine hawaoani kwa sababu ya gharama za sherehe, akawahimiza wachumba wachague harusi ya kiasi.

Ninyi mliokwisha kufunga ndoa mtaitwa kuwa wazazi wa harusi, wasimamizi au wanakamati. Saidieni kupunguza mzigo huo. Tuanze na maua ya mezani.

Hesabu kwanza

Tuseme wageni ni 120, wanane kila meza. Meza ni 15. Pambo moja la kununua utalilipia mara 15, tena uongeze nauli kutoka mjini, na mengine yatanyauka njiani. Sasa tazameni vitu mlivyo navyo.

Vyombo

Kila familia ya Jumuiya Ndogo Ndogo ilete mkebe mmoja mtupu na kiondo kidogo cha mkonge. Osheni mkebe, jazeni mchanga wa mtoni hadi nusu, mtie maji, kisha muutie ndani ya kiondo. Mchanga hushika mashina, na uzito wake huzuia upepo usiangushe pambo.

Maua

Kama harusi ni wakati wa kiangazi, msitegemee maua mabichi peke yake. Baada ya mavuno, wekeni akiba ya masuke ya mtama, wimbi na nyasi ndefu. Fungeni mafungu madogo, mtundike kivulini vichwa vikielekea chini mpaka yakauke vizuri.

Bogenvilia hustahimili jua letu. Ombeni ruhusa kwa mwenye ua, mkate alfajiri ya siku ile ile, kwa kisu kikali na kwa mshazari. Ondoeni majani ya chini, msimamishe matawi katika ndoo ya maji kivulini hadi saa ya kupamba. Pangeni masuke katikati na bogenvilia kando. Pambo lisipite sentimita 30, ili wageni waonane wanapozungumza.

Tahadhari: msiweke oleanda wala waridi la jangwani karibu na chakula au watoto. Yote mawili yana sumu. Utomvu wa waridi la jangwani umetumika Afrika kutengeneza sumu ya mishale.

Kanisani

Maua yawe ya kiasi, yapangwe kando ya altare, si juu yake. Wakati wa Kwaresima altare haipambwi kwa maua, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Muulizeni padre kabla ya kupanga tarehe.

Neno kwa mume na mke

Huenda baba akasema, "Mama watoto, watu watatucheka wakiona mikebe." Mama naye ajibu kwa upole, "Baba watoto, watacheka siku moja. Deni litakaa nasi mwaka mzima." Msikasirikiane. Hofu ya kuaibika ni ya kweli, basi izungumzeni wazi. Wanaojifunza kupanga maua bila deni wanajifunza pia kupanga karo, chakula na dawa.

Pale Kana divai ilipokwisha, Bwana wetu hakutuma watu sokoni. Alitumia mitungi sita ya mawe iliyokuwa pale pale, na maji yaliyotekwa na watumishi. Tumpelekee nasi tulivyo navyo.

Baada ya sherehe, kila mama achukue kiondo chake. Maua yaliyobaki pelekeni kwa wagonjwa na wazee ambao hawakuweza kufika. Hivyo nao watakuwa wameshiriki furaha ya harusi.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani

1. Je, kuna jambo jema tunaloliahirisha kwa kuogopa maneno ya watu?
2. Katika Jumuiya yetu, ni nani anayengoja pesa ili afunge ndoa kanisani? Tutamsaidiaje?
3. Mara ya mwisho tulipopanga matumizi pamoja, je, kila mmoja wetu alisikilizwa?

Mungu azibariki nyumba zenu.