Friji Haigandishi? Maswali ya Kila Siku na Majibu Yake

Matatizo mengi ya friji huhitimishwa kwa maneno mawili ya fundi: "Gesi imeisha." Kuna siku ni kweli gesi imepungua, na kuna siku kilichoharibu mambo ni vumbi, mpira wa mlango au umeme mdogo, vitu ambavyo mwenye friji angeweza kuviona mwenyewe kabla ya kutoa pesa. Majibu haya yameandikwa kwa mtumiaji wa kawaida wa Tanzania, hasa anayeishi na joto la Pwani na umeme unaokatika na kurudi.

Friji mpya imefika nyumbani. Niiwashe papo hapo?

Kama ililazwa kwenye pikapu au guta, isimamishe na uiache itulie kwa saa kadhaa, na ikiwezekana hadi kesho yake. Ndani ya kompresa, yaani ile mota nyeusi iliyo nyuma chini inayosukuma gesi, kuna oili. Friji ikilazwa, oili hiyo huingia kwenye mabomba na huhitaji muda kurudi mahali pake. Iweke mbali na jiko na jua la dirishani, na uache nafasi ya kama sentimita 10 kati ya mgongo wake na ukuta. Usishtuke ukigusa ubavu wa friji ukaukuta una joto, kwa kuwa joto linaloondolewa kwenye chakula lazima litokee mahali fulani.

Namba 7 ni baridi zaidi au joto zaidi?

Kwenye friji nyingi zenye kitufe cha kuzungusha, namba ikiwa kubwa baridi huongezeka. Kitufe hicho ni cha thamostati, kifaa kinachoamua kompresa iwake lini na ipumzike lini. Kinachohesabika zaidi ni nyuzi joto: sehemu ya chakula iwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, na friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukiwa na kipimajoto kidogo, kiweke ndani ya glasi ya maji katikati ya friji usiku kucha, usome asubuhi kabla watoto hawajaanza kufungua mlango.

Nina insulini. Naiweka wapi?

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na haifai tena ikiganda hata mara moja. Iweke shelfu ya katikati, mbali na friza na mbali na mlango. Kwa dawa nyingine, fuata maandishi ya boksi lake au muulize mfamasia.

Umeme ukikatika, chakula kinakaa muda gani?

Mlango ukibaki umefungwa, friji hutunza ubaridi kwa takriban saa 4. Friza iliyojaa huweza kufika saa 48, na iliyojaa nusu saa 24, kwa hiyo kila anayefungua "kuangalia tu" anapunguza muda huo. Nyama, samaki, maziwa na wali uliopikwa vikishapoteza ubaridi kwa zaidi ya saa 2, usivile.

Lakini si ukikichemsha tena vijidudu vinakufa?

Wengi tumelelewa hivyo, na kwa vijidudu vingi ni kweli. Shida ni kwamba baadhi ya bakteria huacha sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo huvumilia moto wa jikoni hata baada ya bakteria wenyewe kufa. Harufu nayo haitoshi kuwa kipimo: chakula kinaweza kunukia vizuri na bado kikakulaza.

Umeme unarudi kwa kishindo. Nifanye nini?

Umeme ukikatika, chomoa plagi. Ukirudi, subiri dakika 5 hivi ndipo uchomeke, maana msukumo wa gesi ndani ya mabomba unahitaji muda kutulia kabla kompresa haijaanza kazi upya. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Taa zikififia jioni wakati mtaa mzima unapika, umeme huo ni mdogo na kompresa inaweza kulia "tik" kila baada ya dakika chache bila kuwaka. Ikifika hapo, izime. Kifaa cha kulinda friji, kile kinachokata umeme ukizidi au ukipungua na kuchelewesha kuwasha unaporudi, bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na kompresa mpya.

Friji imeungua baada ya umeme kuja mkubwa. Nina haki ya kulalamika?

Unayo. Andika tarehe, saa, namba ya mita yako na vifaa vilivyoharibika, ukaonane na majirani walioathirika, kisha peleka malalamiko TANESCO na uhakikishe unapewa namba ya kumbukumbu. Usiporidhika na majibu, unaweza kwenda EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Kwa Zanzibar, unaanza ZECO kisha ZURA. Maombi ya fidia huchunguzwa kwanza, kwa hiyo usitupe kifaa kilichoungua.

Nikizima friji usiku, LUKU itadumu zaidi?

Kwa kiasi kidogo mno kulinganisha na hatari yake. Chakula hupata joto usiku, na asubuhi kompresa hulazimika kufanya kazi mfululizo kurudisha ubaridi uliopotea. Ukitaka kujua matumizi halisi, tafuta kwenye lebo ya friji idadi ya kilowati-saa kwa mwaka na ugawanye kwa 365: friji ya kilowati-saa 365 hula yuniti moja kwa siku. Usiweke sufuria ya moto ndani na usafishe vumbi la nyuma. Hapo ndipo utakapoona nafuu.

Friji inawaka lakini haigandishi. Nianzie wapi?

Anza na mlango. Bana kipande cha karatasi kwenye mpira wake, funga, kisha kivute: kikitoka bila ukinzani, hewa ya joto inaingia hapo. Osha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, hasa kwenye mikunjo inayoshika sukari ya juisi na makombo. Mpira uliochanika hubadilishwa.

Kisha chomoa plagi na uangalie nyuma. Kama kuna wavu wa mabomba meusi, hiyo ndiyo kondensa, sehemu inayotoa joto nje. Vumbi likichanganyika na mafuta ya jikoni hufanya utando kama blanketi, na friji iliyovikwa blanketi haiwezi kupoa. Tumia brashi laini na kitambaa kikavu, mara 2 kwa mwaka au zaidi kama unakaa kando ya barabara ya vumbi. Angalia pia kama umejaza mno hadi hewa haipiti. Kwenye friji zisizoota barafu, matundu ya hewa yakizibwa na mfuko wa nyama, friza hubaki na baridi huku chini mboga zikinyauka.

Fundi amesema gesi imeisha. Ni kweli?

Inawezekana, ila tuelewane kuhusu neno lenyewe. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na inaweza kukaa humo kwa maisha yote ya friji. Ikipungua, kuna mahali panavuja, na kuongeza gesi bila kuziba panapovuja ni kununua tatizo lilelile mara ya pili. Kwa hiyo "kuongeza gesi kila mwaka" si matengenezo ya kawaida, hata kama mtaani yamezoeleka hivyo.

Dalili moja ya gesi kupungua ni barafu kushika kona moja tu ya friza huku kompresa ikinguruma bila kupumzika. Lakini friza ikiwa na barafu nene kila upande na chini kukawa na joto, tafuta sababu nyingine kwanza. Una haki ya kumuuliza fundi maswali haya kabla hajakata bomba: panavuja wapi, utaziba vipi, utabadilisha draya, na unayo pampu ya kufyonza hewa? Draya ni kichujio kidogo kinachonasa unyevu, na hubadilishwa mfumo unapofunguliwa. Hewa na unyevu visipofyonzwa, ukarabati hautadumu. Fundi aliyesomea kazi hii, kwa mfano aliyepitia fani ya majokofu na viyoyozi VETA, hatachukizwa na maswali hayo.

Aina ya gesi nayo haibadilishwi kiholela. Soma lebo iliyo karibu na kompresa: friji nyingi mpya hutumia R600a, ambayo ni isobutani, ndugu wa karibu wa gesi ya kupikia, inayowaka moto ila haikutiwa ile harufu ya kututahadharisha. R134a haishiki moto kirahisi hivyo. Kuweka moja mahali pa nyingine, au kuchomelea bomba la R600a jikoni madirisha yakiwa yamefungwa, ni hatari kwa fundi na kwa familia.

Naweza kubandua barafu kwa kisu?

Hapana. Kwenye friji nyingi za mlango mmoja, ukuta wa friza wenyewe ndiyo njia ya gesi, na ni bati jembamba la alumini. Barafu ikifika nusu sentimita, zima friji, chomoa plagi, weka bakuli la maji ya moto ndani na usubiri huku taulo ikinyonya maji. Ukisikia sauti ya "sss" kwa sababu kisu kimeshatoboa, zima moto wa jiko, fungua madirisha na milango, na usibonyeze swichi yoyote iliyo karibu.

Maji yanatiririka hadi sakafuni.

Mara nyingi ni tundu dogo la nyuma, chini ya ukuta wa ndani, lililozibwa na kipande cha mchicha au makombo. Lizibue kwa maji ya uvuguvugu na kijiti cha plastiki laini. Maji hayo hupaswa kufika kwenye kisahani kilicho juu ya kompresa na kukauka kwa joto lake.

Nikigusa mlango napigwa shoti kidogo. Navaa ndala tu?

Ndala hazitatui kitu. Zima swichi ya ukutani, chomoa, na usiitumie hadi fundi umeme mwenye leseni ya EWURA akague waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini badala ya mwilini mwako. Pengine plagi ni ya pini mbili na mtu alifungua soketi kwa kusukumia kalamu kwenye tundu la juu. Tabia hiyo tunaiona majumbani, madukani, hata kwenye saluni, na inaondoa kinga yote ya pini ya tatu. Friji ichomekwe kwenye soketi yake ya ukutani, si kwenye ekstensheni inayobeba pasi na birika.

Friji imeharibika ndani ya waranti na muuzaji ananizungusha.

Risiti ya EFD na kadi ya waranti ndizo silaha zako. Zitunze, na upige picha kwa simu kwa kuwa wino wa risiti hufutika. Peleka malalamiko kwa maandishi dukani, usimruhusu fundi wa nje afungue friji, na ukikwama nenda Tume ya Ushindani, FCC, yenye jukumu la kumlinda mtumiaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kama shaka yako ni ubora wa bidhaa yenyewe, toa taarifa TBS.

Friji ya zamani niitupe vipi?

Usikubali mnunuzi wa chuma chakavu akate mabomba uani kwako ili apate shaba haraka. Majokofu ya zamani sana yana R12, gesi inayoharibu tabaka la ozoni, iliyoondolewa sokoni kupitia Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Mwite fundi mwenye kifaa cha kuinyonya. Na kabla jokofu halijatoka ndani kwenda barazani, ng'oa mlango wake. Mtoto aliyejificha ndani anaweza kukosa hewa, na kelele zake zisisikike nje.