Dondoo muhimu: Bustani ya kuchezea watoto

Ukitaka kujua bustani ipi mtaani inafaa, waulize watoto wa jirani kabla ya wazazi wao. Kisha nenda ukaione mwenyewe: saa kumi alasiri watoto wakiwa wengi, na asubuhi moja baada ya mvua, uone maji yanatuama wapi.

Anza na ardhi chini ya bembea. Mchanga mwingi, sawa. Zege au udongo ulioshindiliwa, hapana, hata bembea ing'ae vipi. Kagua mnyororo pale unapoungana na chuma cha juu, ndipo kutu huanza kula. Bati la kutelezea liguse kwa mgongo wa kiganja: likikuunguza wewe, litamuunguza mtoto mapajani.

Kwa walio Zanzibar, bustani ya Forodhani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 ina sehemu ya watoto, ila wapeleke mapema. Magharibi ikiingia, majiko ya mkaa na foleni za mishikaki hujaa, na kumfuatilia mtoto inakuwa kazi. Tena bahari iko pale pale.

Kama kuna kiingilio, kagua choo kabla ya kulipa. Halafu tafuta benchi la kivulini linaloliona lango, upige soga bila kugeuza shingo kila dakika.