Jinsi Wafanyabiashara Wanavyoweza Kunufaika na Mikutano ya Biashara

Mama mboga anayefunga kibanda chake Likuyani au Matungu ili kuhudhuria mkutano wa wafanyabiashara mjini Kakamega amekwisha kutumia mtaji kabla hajaketi. Amelipa nauli na amepoteza mauzo ya siku nzima. Akirudi nyumbani na kadi kumi za watu asiowakumbuka, hiyo ni hasara kama nyingine yoyote.

Mikutano ya aina hii huandaliwa na vyama vya wafanyabiashara kikiwemo Chama cha Kitaifa cha Wafanyabiashara na Viwanda (KNCCI), mabenki, vyuo na serikali. Wengi hutoka wakilalamika kuwa ni hotuba tu na chai. Hata hivyo, wapo wanaotoka na wanunuzi wapya. Mara nyingi tofauti yao iko katika maandalizi na ufuatiliaji.

KABLA YA KUTOKA NYUMBANI

Hatua ya kwanza ni kujua ni nini kinachotafutwa. Huenda ni mnunuzi, huenda ni mtu wa kuuza vyakula vya mifugo kwa bei ya jumla, au mwenye gari la kusafirisha mazao. Anayekwenda kutafuta kila kitu kwa kawaida hapati chochote.

Hatua ya pili ni kuandaa maelezo mafupi yenye takwimu. Mfugaji wa Khwisero anayesema "ninafanya biashara ya kuku" hajampa msikilizaji cha kushika. Lakini akisema, "Ninafuga kuku wa mayai Khwisero, ninatoa trei 40 kila wiki na ninatafuta hoteli au shule ya kununua kila Jumatatu," aliyemsikia anajua papo hapo kama atanunua au ni nani wa kumwelekeza.

Hatua ya tatu ni stakabadhi. Mnunuzi mkubwa, hasa taasisi, huuliza mapema kuhusu cheti cha usajili wa biashara, PIN ya KRA, kibali cha biashara cha kaunti na, kwa bidhaa zilizopakiwa, alama ya ubora ya KEBS. Oda nyingi hupotea hapa. Mnunuzi akiambiwa asubiri mwezi mzima vyeti vitafutwe, atamgeukia aliye navyo tayari.

UKUMBINI

Ni vyema kufika mapema. Kabla hotuba hazijaanza, wageni wakuu na waandaaji hupatikana kwa urahisi, na hakuna foleni ya kuwasalimu. Kuketi na jirani wa kijijini kunastarehesha, ila jirani huyo anaweza kuonekana kesho sokoni.

Mazungumzo mazuri huanza kwa kuuliza. Mwenzako ananunua wapi kwa sasa? Ni nini kinachomsumbua kwa muuzaji aliye naye? Anataka kiasi gani? Na swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: analipa lini? Taasisi nyingi hazilipi papo kwa papo. Mfugaji anayepokea oda ya mwezi mzima bila kuuliza hili anaweza kukosa pesa za chakula cha kuku huku akidai maelfu ya shilingi.

Watu watatu waliozungumziwa vizuri wana faida kuliko thelathini waliosalimiwa kwa kupita. Baada ya kila mazungumzo, aandike nyuma ya kadi au kwenye simu mambo mawili: jina la mtu na kile alichoahidiwa.

MSHINDANI ANAWEZA KUWA MSHIRIKA

Shule ikitaka trei 100 kwa wiki, mwenye trei 40 hana budi kukataa. Lakini wafugaji watatu waliokutana mkutanoni, mmoja wa Khwisero na wawili wa Butere, wakikubaliana bei, ukubwa wa mayai na siku ya kupeleka, oda hiyo wanaiweza. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Makubaliano yao yaandikwe tangu mwanzo, hasa kuhusu nani anapokea malipo na yanagawanywa vipi.

Ushirikiano huu una uzito pia katika zabuni za serikali. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu kupitia mpango wa AGPO. Sheria hiyo pia inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 20 kwa wakazi wake. Kujisajili na AGPO ni bure. Kwa hivyo mtu anayejitokeza mkutanoni akidai "ada kidogo" ili amsaidie mwenzake kupata cheti hicho au zabuni aepukwe.

SIKU MBILI BAADAYE

Hapa ndipo wengi huanguka. Ujumbe mfupi utumwe kabla ya siku mbili kupita, ukitaja walipokutana na walichozungumza. Kama mfugaji aliahidi kupeleka trei moja ya kuonjesha siku ya Jumatano, ifike Jumatano. Mnunuzi asiyemjua mtu huanza kumpima kwa ahadi ndogo kama hiyo kabla ya kumkabidhi oda kubwa.

Si vyema kuziingiza namba zote zilizokusanywa katika kundi la WhatsApp bila idhini ya wenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za watu, na isitoshe, aliyeingizwa kwa nguvu hutoka akiwa amekasirika.

Mwisho, hesabu ipigwe baada ya miezi mitatu. Nauli na siku zilizotumika zilileta wanunuzi wangapi? Mkutano usiozaa kitu mara tatu mfululizo unaweza kuachwa, na muda huo utumike kwingine.

Wakazi wanaohitaji maelezo kuhusu usajili wa AGPO wanaweza kufika Huduma Centre, Kakamega, wakiwa na kitambulisho, PIN ya KRA na cheti cha usajili wa biashara.