Je, Mtu Anaweza Kukupumbaza Ukatoa Pesa? Uongo na Ukweli Kuhusu Hipnosi

SOMO LA WIKI
Maandiko ya kusoma: Wagalatia 3:1-5, Mithali 14:15, Matendo 17:11

Dada mmoja wa ushirika wetu wa Malaba alikuja kwangu akilia. Karibu na steji, mtu aliangusha bunda mbele yake. Mwingine akaliokota, akamwambia, "Mama, nyamaza, tugawane." Wakasogea kando. Mara mwenye bunda akarudi akidai kila mtu aonyeshe alichobeba. Dada akatoa simu, akataja namba ya siri, akatoa na shilingi 14,000 za chama. Yeye akaachiwa bunda alishike. Kulifungua, ni magazeti tu.

"Pasta, walinipumbaza. Sikuwa mimi."

Maneno haya tunayasikia sana hapa mpakani, Malaba na Busia. Wengi siku hizi wanaita hipnosi. Basi tuipime.

Uongo wa 1: Hipnosi ni usingizi, akili inazimwa.
Ukweli: Jina lilienezwa na daktari James Braid wa Uingereza miaka ya 1840, kutoka neno la Kigiriki la usingizi. Baadaye yeye mwenyewe aliona jina hilo halifai. Mtu yuko macho, anasikia, ila mawazo yake yamekazwa kwa jambo moja.

Uongo wa 2: Mtu akikutazama au akikushika mkono, unampa kila kitu bila kupenda.
Ukweli: Hipnosi inahitaji ukubali na ushirikiane. Haiondoi hiari yako. Mwaka 1784 huko Paris, kamati aliyokuwemo Benjamin Franklin ilichunguza wagonjwa wa tiba ya Mesmer, iliyotangulia hipnosi. Walioamini wanatibiwa walitetemeka hata kama hawakuguswa na nguvu yoyote. Waliotibiwa bila kujua hawakusikia kitu. Nguvu ilikuwa katika matarajio yao.

Uongo wa 3: Kuwekewa "mchele" ni hipnosi.
Ukweli: Hiyo ni dawa ya kulevya ndani ya kinywaji au chakula, na inaweza kuua. Dereva wa trela akikutwa amezimia, mkimbizeni hospitali kwanza, kisha polisi. Maombi yaende pamoja na gari.

Uongo wa 4: Kila hipnosi ni uganga.
Ukweli: Kuna madaktari wanaoitumia kupunguza maumivu na hofu. Chama cha Madaktari cha Uingereza kiliikubali kama tiba mwaka 1955. Ukipendekezewa, uliza: huyu amesomea wapi, na atafanya nini?

Sasa, dada yetu alipatwa na nini? Alivutwa na tamaa kidogo, akaharakishwa, akatishwa, akaambiwa anyamaze. Hiyo ndiyo milango minne. Hatusemi adui hayupo. Yupo. Lakini angalia Paulo: anawauliza Wagalatia ni nani amewaloga, halafu hatafuti mchawi hata mmoja. Anawageukia wao wenyewe na maswali, moja baada ya lingine, mpaka akili ziamke. Ukisema tu "nilipumbazwa," mlango unabaki wazi, na kesho wanarudi.

Na si steji peke yake. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Wengi wakauliza kama watu wale walipumbazwa. Mpendwa, popote unapokatazwa kuuliza na kutengwa na ndugu zako, toka, hata kama anayekukataza ameshika Biblia. Waberoya walimchunguza hata Paulo, wakasifiwa.

Ya kufanya: Mgeni akikuharakisha, simama, mwite mtu unayemjua. Usitaje namba ya siri. Ukishatapeliwa, funga laini mara moja, piga ripoti polisi, na usijifiche.

Dada yetu alienda akawaambia wanachama ukweli wote. Wawili wakakiri kwamba wao pia yaliwapata hayo hayo, wakanyamaza kwa aibu. Sasa wanamsaidia kulipa pole pole.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Kati ya milango minne, upi ni rahisi kwako kufunguliwa?
2. Mtu akitapeliwa, kanisani kwetu anachekwa au anasaidiwa?

Ombi: Bwana, tupe akili iliyo macho na moyo usioogopa kusema ukweli. Amina.