Saini ya Ken Anderson: tulia kwanza, mdogo wangu

Mdogo wangu wa Cincinnati, barua yako nimeisoma. Mzee mnayefanya naye kazi anastaafu, ni shabiki wa kufa na kupona wa Bengals, timu ya futiboli ya Kimarekani ya hapo kwenu, nawe umeona mtandaoni kadi ya Ken Anderson yenye saini. Unauliza kama ni halisi, na kama pesa yako itazaa. Hilo la pili nalijibu kwanza: usitegemee. Nunua kwa sababu mzee ataifurahia, basi.

Na ataifurahia! Kwa wasiomjua, Anderson alikuwa kwotabeki, yule anayeupokea mpira na kuamua amrushie nani. Jezi namba 14, misimu 16, yote Bengals, kuanzia 1971 hadi 1986, tena akitokea Augustana, chuo kidogo cha Illinois. Mwaka 1981 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi. Januari 1982 timu yake iliwachapa Chargers 27-7 kwenye baridi ya nyuzi 23 chini ya sifuri, kisha ikapoteza Super Bowl, fainali ya ligi, 26-21 mbele ya 49ers. Na kocha wa 49ers alikuwa nani? Bill Walsh, yule yule aliyemnoa Anderson enzi zile akiwa kocha msaidizi Cincinnati. Jamani! Msimu uliofuata, ule uliofupishwa na mgomo wa wachezaji, asilimia 70.6 ya pasi zake zilifika. Rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka Drew Brees alipokuja kuivunja 2009. Pamoja na yote hayo, hadi 2025 hakuwa ameingizwa kwenye Jumba la Umaarufu kule Canton. Mimi nasema kaonewa, na mzee wako nadhani atanipigia makofi.

Sasa, kuonewa kwake ndiko kunakokupa nafuu. Saini yake haina bei ya saini ya Joe Montana, kwotabeki wa 49ers, na waghushi hukimbilia majina yenye pesa. Lakini usilale. Miaka ya 1990 FBI waliendesha msako walioupa jina Operation Bullpen, wakanasa mtandao mzima wa saini za uongo, na nyingi kati ya hizo zilikuwa na vyeti vyake vizuri tu. Kwa hiyo muuzaji akikutumia picha ya cheti alichojichapia mwenyewe, hicho ni karatasi. Tafuta kadi iliyokaguliwa na kampuni ya kuhakiki saini kama PSA, JSA au Beckett, kisha ingiza namba ya cheti kwenye tovuti yao uone kama inalingana na kadi hiyo hiyo.

Kama haijakaguliwa, omba picha ya karibu, kadi ikiwa imeinamishwa chini ya taa. Wino wa kalamu hukaa juu ya kadi na hung'aa tofauti na picha. Pale mistari inapopishana utaona weusi umekolea. Saini iliyochapwa kiwandani, ukiitazama kwa lenzi, mara nyingi huvunjika kuwa vidoti. Ya mghushi nayo ina kigugumizi: mkono ulikwenda polepole ukinakili, kwa hiyo mstari unatetemeka na mwisho wake ni butu. Mtu aliyeandika jina lake maelfu ya mara huondoa kalamu ikiwa bado inakimbia.

Kadi yake ya kwanza ni ya kampuni ya Topps ya 1973, namba 34. Muuzaji akikuambia "saini ya 1973", mcheke kimoyomoyo. Kadi ni ya mwaka huo, saini yaweza kuwa ya juzi, na si kosa. Kama kadi hiyo ya kwanza inakubana mfuko, chukua ya miaka ya 1980. Mzee hatakuuliza.

Halafu usilipie ukaguzi unaogharimu kuliko kadi yenyewe. Hilo watu wanalifanya kila siku, sijui kwa nini. Ukibahatika kumkuta Anderson kwenye hafla ya kusaini, nenda na kadi yako na kalamu yako ya buluu yenye wino usiofutika, umwombe aandike na jina la mzee. Wafanyabiashara watakuambia jina la mtu linashusha bei. Wewe unamuuzia nani?

Itie kwenye mfuko laini wa plastiki, kisha kwenye kasha gumu. Akitaka kuitundika, mwambie ukuta usiopigwa na jua. Na bei, tafadhali, usimtajie.