Kelele za Mtaa, Usingizi na Afya ya Familia: Somo kutoka Msimbazi na Kariakoo

Mgonjwa wa shinikizo la damu afikapo kliniki huulizwa kuhusu chumvi, mafuta, sigara, pombe, mazoezi na dawa. Mara nyingi haulizwi analala wapi, wala kama usiku uliopita alipata usingizi. Naye mkazi wa Barabara ya Msimbazi akiulizwa kuhusu kelele, aghalabu hujibu kwamba amekwisha kuzizoea. Jibu hilo ni la kweli kwa sehemu tu. Akili huweza kuizoea sauti hata isiitambue tena, lakini moyo, mishipa ya damu na usingizi havizoei kwa kiwango hicho. Makala haya yanaeleza tofauti hiyo, athari zake kwa maisha ya familia, na hatua zinazoweza kuchukuliwa na mhudumu wa afya pamoja na mgonjwa mwenyewe.

Kelele na vipimo vyake

Kelele ni sauti isiyotakiwa na anayeisikia. Kwa hiyo sauti moja yaweza kuwa burudani kwa mwenye sherehe na adha kwa jirani mwenye mtoto mgonjwa. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mnong'ono huwa na takriban desibeli 30, na mazungumzo ya kawaida takriban 60. Kipimo hiki hakipandi kama mizani ya sokoni: ongezeko la desibeli 3 tu humaanisha kwamba nishati ya sauti imeongezeka maradufu, na ongezeko la desibeli 10 husikika sikioni kama sauti iliyokuwa mara mbili.

Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba, kwa ajili ya usingizi mwema, kelele za mfululizo chumbani zisizidi desibeli 30, na sauti za ghafla zisizidi 45. Kwa darasa wakati wa masomo, kiwango kilichopendekezwa ni 35. Chumba kinachotazamana na barabara yenye shughuli za usiku ni vigumu kufikia viwango hivyo dirisha likiwa wazi.

Hali ya Msimbazi na Kariakoo

Kariakoo ni soko, na pia ni makazi. Nyumba za zamani za vyumba vilivyopangana pande mbili za ukumbi, zenye ua nyuma, zimepisha maghorofa mengi ambayo chini yake yana maduka na ghala, na juu yake familia. Barabara ya Msimbazi hupitisha mabasi yaendayo haraka tangu mwaka 2016, na pembeni yake hupita bodaboda, bajaji, maguta na mikokoteni. Mchana husikika spika za wachuuzi zinazorudia tangazo lilelile la bei kutwa nzima. Umeme ukikatika, jenereta huwashwa kando ya milango. Usiku malori hushusha shehena, milango ya chuma hufungwa kwa kishindo, na muziki wa baa na sherehe hufuata.

Mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa kufanya biashara Kariakoo kwa saa 24. Mpango huo una manufaa kwa kipato cha wengi. Hata hivyo, unaliweka mbele ya sekta ya afya swali ambalo haliwezi kuahirishwa: ikiwa soko halilali, mkazi wa ghorofa ya pili atalala saa ngapi?

Yatokeayo mwilini wakati wa usingizi

Sikio halina kope. Mtu alalapo, sauti huendelea kuingia na ubongo huendelea kuipima kama ishara ya hatari. Sauti ya ghafla huamsha mfumo wa neva unaoutayarisha mwili kupambana au kukimbia. Tezi zilizo juu ya figo hutoa adrenalini na kotisoli, mapigo ya moyo huongezeka, na mishipa ya damu husinyaa. Yote haya yaweza kutokea bila mtu kuamka wala kukumbuka lolote asubuhi.

Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa watu 140 waliokuwa wakiishi karibu na viwanja vinne vikubwa vya ndege barani Ulaya, kikiwamo Heathrow cha London. Walipimwa shinikizo la damu majumbani mwao wakiwa usingizini. Baada ya sauti ya ndege, shinikizo la juu lilipanda kwa wastani wa milimita 6.2 za zebaki, na la chini kwa milimita 7.4. Jambo la kuzingatia ni kwamba sauti nyingine za usiku pia zilipandisha shinikizo, hata mkoromo wa mwenza kitandani. Kwa mishipa ya damu, chanzo cha sauti hakikuwa na uzito sana. Uzito ulikuwa katika ukubwa wa sauti yenyewe.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2013 na watafiti wa Mainz, Ujerumani, uliwahusu watu 75 wenye afya njema waliosikilizishwa kelele za ndege zilizorekodiwa. Baada ya usiku mmoja tu, uwezo wa mishipa yao kutanuka ulipungua na adrenalini ikaongezeka. Waliokwisha kupitia usiku wa kelele kabla hawakuonyesha dalili ya kuzoea. Kinyume chake, mishipa yao iliathirika zaidi. Hapa ndipo dai la mazoea linapokosa msingi.

Athari hizi zikijirudia kwa miaka, huwa mzigo kwa moyo. Katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za kanda ya Ulaya, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kila ongezeko la desibeli 10 la kelele za barabarani huambatana na ongezeko la takriban asilimia 8 la hatari ya ugonjwa wa moyo utokanao na upungufu wa damu katika misuli ya moyo. Kwa mtu mmoja ongezeko hilo ni dogo. Kwa mtaa mzima si dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania alikuwa na shinikizo la juu la damu. Kelele haziwi chanzo pekee cha maradhi hayo, lakini humkuta mtu ambaye tayari ana sababu nyingine.

Masikio ya wanaofanya kazi katika kelele

Mchuuzi aliyeketi kando ya spika yake ndiye wa kwanza kudhurika. Ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo laini ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya neva. Zikifa, hazioti tena. Kanuni inayotumiwa sana katika afya ya kazini ni kwamba mtu asikae katika desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo upunguzwe kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 100 ni za dakika 15 tu. Asiye na kipimo anaweza kutumia kigezo rahisi: ikiwa ni lazima kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja asikie, yamkini kelele zimefikia 85. Mlio masikioni unaobaki baada ya kazi ni onyo. Mlio usiokoma, au kushindwa kufuata mazungumzo penye watu wengi, humstahilisha mtu kupimwa na wataalamu wa masikio, pua na koo.

Mtoto anayesoma kando ya kelele

Mwaka 1975 ulichapishwa utafiti wa shule moja jijini New York iliyokuwa jirani na reli ya juu. Wanafunzi wa madarasa yaliyoelekea reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo lilelile. Baadaye reli ilipunguziwa kelele na madarasa yakawekewa vifaa vya kunyonya sauti, na utafiti uliofuata, wa mwaka 1981, ulikuta tofauti hiyo imetoweka. Habari hii ina huzuni na matumaini kwa pamoja. Wapo watoto ambao huenda walidhaniwa wazito wa kuelewa, kumbe hawakuwa wakimsikia mwalimu vizuri. Na hali yao iliweza kurekebishwa.

Maisha ya nyumbani

Madhara ya kelele hayaishii kwenye mwili wa mtu mmoja. Katika familia inayoishi chumba kimoja au viwili, kila mtu hupandisha sauti ili asikike juu ya kelele za nje, na redio nayo hupandishwa. Mtoto huisikia sauti ya mzazi iliyopazwa kama ukali, hata kama hapakuwa na hasira. Mazungumzo hufupishwa yakawa amri. Baba mbeba mizigo anayerudi alfajiri hutaka kulala mchana, wakati ambapo watoto wanacheza. Nao hufukuzwa nje, kwenye msongamano wa vyombo vya moto. Mama mwenye mtoto mchanga, ambaye usingizi wake tayari umekatwakatwa na kunyonyesha, huamshwa tena na honi mara tu baada ya mtoto kulala.

Uchovu wa namna hiyo hupunguza subira. Mwaka 1975 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba wapita njia walipungua sana katika kumsaidia mtu aliyeangusha vitabu pale mashine ya kukatia majani ilipokuwa ikinguruma karibu. Watu wale hawakuwa wabaya. Kelele ziliwafanya wasimjali aliye mbele yao. Familia inayogombana kila jioni inaweza kufaidika kwa kulijua hilo kabla ya kulaumiana.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Maswali manne yanatosha kuanzia: Unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi? Ni nini hukuamsha usiku? Mchana unasinzia bila kutaka? Je, masikio yako yanalia? Majibu yaandikwe katika faili. Ni vyema kufanya hivyo hasa kabla ya kuongeza dawa kwa mgonjwa ambaye shinikizo lake halishuki ingawa anameza dawa ipasavyo. Anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini achunguzwe, kwani hilo ni tatizo jingine lenye tiba yake.

Chumba cha kupimia nacho kiangaliwe. Shinikizo lipimwe mgonjwa akiwa ameketi kimya kwa dakika 5, mbali na spika na makelele ya foleni. Kelele humsumbua mgonjwa, na pia humzuia mpimaji kusikia vizuri kwa stetoskopu.

Mambo ambayo familia inaweza kufanya

Kitanda kihamishiwe ukuta ulio mbali na barabara. Kabati zito likiwekwa kwenye ukuta wenye kelele husaidia kidogo. Pazia jepesi halizuii sauti. Kufunga madirisha kuna gharama yake: Dar es Salaam ina joto, na chumba chenye watu wengi kisichopitisha hewa huongeza hatari ya kuambukizana kifua kikuu. Vizibo vya masikio hufaa kwa mtu mzima, ila si kwa mwenye usaha sikioni. Wazazi wa mtoto mchanga wavitumie kwa zamu, ili mmoja abaki akisikia. Redio na runinga zizimwe saa moja kabla ya kulala. Dawa za usingizi zisinunuliwe bila ushauri wa tabibu, na dawa za shinikizo zisiachwe kwa kudhani kwamba utulivu pekee utatosha.

Jirani afuatwe kwanza kwa heshima, mchana, wakati ambapo hakuna aliyekasirika, na ombi liwe mahususi: spika ielekezwe upande mwingine, au jenereta isogezwe. Mchuuzi anatafuta riziki, naye pia ana masikio ya kulinda. Isipofaa, suala lipelekwe kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, kisha kwa afisa afya wa kata au afisa mazingira wa halmashauri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zinaweka viwango, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lina mamlaka ya kuzisimamia; mwezi Septemba 2022 lilifunga baa na kumbi kadhaa kwa sababu ya kelele. Mlalamikaji aandike tarehe, saa na chanzo cha kelele kwa wiki mbili. Iwapo ana ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, mhudumu wa afya anaweza kumwandikia barua inayoeleza kwamba usingizi ni sehemu ya matibabu yake.